Kwa Niaba ya Mwingine: Jinsi Mfumo wa Unix Unavyokaimisha Mamlaka

Kila mtu aliyewahi kutumia kompyuta inayoshirikiwa na wengi, iwe katika maabara ya shule au katika chuo, amepata kubadili nywila yake. Huandika amri, huulizwa nywila ya zamani, huandika mpya mara mbili, na kazi ikaisha. Ni wachache wanaotua wakajiuliza ni jambo gani limefanyika hapo. Nywila za watumiaji wote hutunzwa katika faili moja, zikiwa zimefumbwa. Faili hilo ni mali ya msimamizi wa mfumo, wala mtu mwingine haruhusiwi kuandika ndani yake. Angeruhusiwa, angeweza kufuta nywila ya mwalimu wake na kuweka yake. Katika mifumo ya siku hizi mtumiaji wa kawaida haruhusiwi hata kulisoma. Basi mwanafunzi yule amewezaje kubadili mstari katika faili asiloweza hata kulifungua?

Jibu ni kwamba kwa muda wa sekunde chache mashine ilimhesabia mamlaka ya mtu mwingine. Namna jambo hilo linavyofanyika, na hatari zinazoandamana nalo, ndiyo maudhui ya makala haya.

Mfumo wa Unix ulianza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, huko New Jersey, Marekani. Kizazi chake ni kikubwa: Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, familia ya BSD, mfumo wa kompyuta za Macintosh, na Android, ambao umo katika simu nyingi zilizo mifukoni mwetu. Yote hiyo imerithi fikra moja ya msingi kuhusu nani ni nani ndani ya mashine.

Namba, si jina

Katika Unix kila mtumiaji ana jina, lakini jina hilo lipo kwa faida ya binadamu. Kiini cha mfumo, yaani ile programu ya msingi inayogawa kumbukumbu, diski na muda wa mashine, hakiangalii majina, kinaangalia namba. Katika mashine nyingi za Linux mtumiaji wa kwanza wa kawaida hupewa namba 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Namba 0 ni ya mtumiaji mkuu, ambaye kwa desturi huitwa root. Mwenye 0 hazuiwi na alama za ruhusa zilizowekwa juu ya mafaili: husoma barua za mtu yeyote, hufuta diski nzima, huzima mashine apendapo. Tuzingatie kwamba uwezo huo umo katika namba. Ukimwita mtu root ukampa namba 1005, atakuwa mtumiaji wa kawaida mwenye jina kubwa. Ukimwita mwingine mpishi ukampa namba 0, mpishi huyo ndiye mtawala.

Kila faili hubeba namba ya mwenyewe. Kila programu inayoendeshwa nayo hubeba namba ya mtu aliyeianzisha. Programu inapotaka kufungua faili, kiini hulinganisha namba hizo mbili, hutazama ruhusa zilizoandikwa, kisha hukubali au hukataa. Utaratibu huu ni mwepesi na wa haki, ila una upungufu ule tuliouona: kuna kazi halali ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzifanya kwa namba yake mwenyewe.

Walimu wanaujua utatuzi wake, kwa sababu wanautumia kila siku ofisini. Mkuu wa shule anaposafiri, barua haikai kumngoja. Makamu wake huitia sahihi, na chini yake huandikwa: K.n.y. Mkuu wa Shule. Barua ile ina nguvu kamili ya ofisi ya mkuu, lakini sahihi ni ya makamu, na likitokea neno itajulikana ni mkono wa nani uliotia wino. Katika karatasi hiyo moja mna mambo mawili yaliyotenganishwa: mamlaka yaliyotumika, na mtu aliyeyatumia.

Hivyo ndivyo Unix inavyofanya. Programu inayoendeshwa haibebi namba moja bali mbili. Ya kwanza ni namba halisi, inayosema ni nani aliyeianzisha. Ya pili tutaiita namba tendaji, inayosema programu inatenda kwa mamlaka ya nani. Aghalabu namba hizo ni sawa. Lakini Ritchie alibuni biti moja ya ziada ambayo mwenye faili la programu anaweza kuiwasha. Biti hiyo ikiwa imewashwa, yeyote atakayeianzisha programu hiyo atabaki na namba yake halisi, ila namba tendaji itakuwa ya mwenye faili. Kampuni ya Bell iliombea ubunifu huo hataza, ikatolewa Marekani mwaka 1979 kwa namba 4,135,240. Baadaye haki hiyo iliachwa kwa umma. Biti moja, na juu yake umesimama usalama wa mamilioni ya mashine.

Programu ya kubadili nywila, iitwayo passwd, ni mali ya root, na biti hiyo imewashwa. Mwanafunzi mwenye namba 1001 akiianzisha, namba halisi ni 1001 na namba tendaji ni 0. Kwa ile 0 programu inaweza kuandika katika faili la nywila. Kwa ile 1001 inajua ni mstari wa nani inaoruhusiwa kuubadili. Mwanafunzi hakupewa ufunguo wa stoo. Ameletewa mtunza stoo ambaye hutoa kitu kimoja tu, na kwa mwenyewe tu.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba mamlaka hukopeshwa programu wala si mtu. Ubaya wake ni huo huo. Maadamu programu ina 0 mkononi, yeyote atakayeweza kuihadaa anaipata ile 0. Tuchukulie mwandishi mzembe ametunga programu ya namna hii, na ndani yake ameagiza iitwe programu nyingine iitwayo date, bila kutaja imehifadhiwa wapi. Mashine huitafuta date katika orodha ya mahali, na orodha hiyo hupangwa na mtumiaji mwenyewe. Mwanafunzi mjanja hutunga date yake, huiweka mahali pa kwanza katika orodha, kisha huianzisha ile programu ya mzembe. Date ya bandia itaanza kazi ikiwa na namba tendaji ya mtumiaji mkuu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba programu za aina hii ziwe chache, ziwe fupi, na zisiamini chochote kilichotoka kwa anayezianzisha.

Ufunguo mmoja wa watu wengi

Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, tayari ulikuwa na amri iitwayo su. Wakati huo ilikuwa na kazi moja: kumgeuza mtu kuwa mtumiaji mkuu, alimradi anaijua nywila ya mtumiaji mkuu. Kufikia Toleo la 7, mwaka 1979, amri hiyo iliweza kumgeuza mtu kuwa mtumiaji yeyote, kwa kuandika jina la huyo na nywila yake. Nayo hutumia ile biti tuliyoieleza.

Amri ya su yafaa sana kwa mashine yenye msimamizi mmoja. Matatizo huanza wasimamizi wanapokuwa watano. Wote lazima waijue nywila moja. Mmoja akihama shule, nywila ibadilishwe na wanne waarifiwe. Mwalimu anayetaka tu kuwasha upya mtambo wa kuchapisha hana budi kupewa uwezo wa kufuta diski. Tena, tuchukulie kwamba alama za mtihani za kidato cha nne zimo katika mashine hiyo, na asubuhi moja zinaonekana zimebadilishwa. Huenda kumbukumbu zitaonyesha kwamba watatu kati ya wale watano walitumia su usiku ule, lakini nani kati yao aliyegusa faili lile, mashine haisemi, kwa kuwa kuanzia hapo kila amri imeandikwa kuwa ya root. Barua imetoka ofisini bila k.n.y.

Baadhi ya mifumo iliweka sharti kwamba su itumike na watu wa kundi maalumu tu, liitwalo wheel. Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, alikataa kuliweka sharti hilo katika su ya mradi wake, na sababu aliieleza ndani ya mwongozo wenyewe: mwaka 1984 watumiaji wachache katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT walibadili nywila ya msimamizi na kuwaficha wenzao wote. Yeye alisimama upande wa umma. Nauheshimu msimamo huo, lakini haukukusudiwa maabara yenye wanafunzi mia mbili na alama za mtihani.

Dawa ilitoka Buffalo, katika chuo kikuu cha jimbo la New York. Karibu na mwaka 1980 Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika huko programu waliyoiita sudo, kwa ajili ya mashine ya VAX-11/750. Desemba 1985 toleo lake lilisambazwa kwa umma kupitia mtandao wa Usenet, na tangu miaka ya 1990 mtunzaji wake mkuu amekuwa Todd Miller. Fikra yake ni hii: mtu asiulizwe nywila ya yule anayetaka kumkaimu, bali aulizwe nywila yake mwenyewe. Ajithibitishe kuwa ndiye, kisha programu itazame katika daftari la kanuni kama anaruhusiwa kufanya anachokiomba. Mstari mmoja wa daftari hilo huweza kuwa hivi:

mwalimu maabara = (root) /usr/bin/systemctl restart cups

Maana yake: mtumiaji aitwaye mwalimu, katika mashine iitwayo maabara, anaweza kwa mamlaka ya root kuendesha amri hii moja, ya kuwasha upya huduma ya kuchapisha, na si nyingine. Anapoitumia, kumbukumbu hupokea jina lake, mahali alipokuwa amekaa, mamlaka aliyoyakaimu na amri aliyoiandika. Akiomba asichoruhusiwa, hukataliwa, na hilo nalo huandikwa. Ubuntu, tangu toleo lake la kwanza la Oktoba 2004, humfungia kabisa root mlango wa kuingilia na kumtaka kila msimamizi apitie sudo.

Kuliandika daftari hilo vema ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Msimamizi mwema aweza kusema: nitamruhusu mwalimu aendeshe useradd, amri ya kuandikisha watumiaji wapya, ili awaandikishe wanafunzi. Hajui kwamba amempa kila kitu, kwa sababu useradd inakubali kuandikisha mtumiaji mwenye namba 0, ukiisisitizia. Yule mpishi wetu amezaliwa. Au atamruhusu mtu ahariri faili moja la root kwa kihariri cha vim. Kumbe vim ina njia ya kuanzisha amri nyingine kutoka ndani yake, na amri hizo zitarithi namba 0. Anayegawa mamlaka hana budi kuuliza si tu amri hii hufanya nini, bali pia inaweza kufanyishwa nini.

Wanafunzi nao hukwama mahali pamoja mara kwa mara. Huandika sudo, kisha echo, kisha maneno yao, kisha alama ya > na jina la faili la root, halafu hushangaa kukataliwa. Sababu ni kwamba alama ile ya > haitekelezwi na sudo. Hutekelezwa kabla, na ganda la amri la mwanafunzi mwenyewe, ambalo bado lina namba 1001. Mamlaka yalikopeshwa echo, ambayo haikuyahitaji. Jambo jingine la kuangalia katika maabara: sudo ikishakuamini hukaa dakika kadhaa bila kukuuliza nywila tena, tano kwa kawaida ya watungaji wake na kumi na tano katika Ubuntu. Mwalimu anayeinuka kwenda kupokea simu na kuacha mashine wazi amewaachia wanafunzi dakika hizo.

Siku moja kasoro ilivyogeuka kuwa sifuri

Oktoba 2019 ilitangazwa kasoro katika sudo ambayo ningependa kila mwalimu wa hisabati aifahamu. Iligunduliwa na Joe Vennix wa kampuni ya Apple. Ilihusu mashine ambazo daftari lake lilimruhusu mtu kumkaimu mtumiaji yeyote isipokuwa root. Kanuni hiyo yaonekana imekamilika. Mtu akiomba kumkaimu namba 0, anakataliwa. Lakini sudo inakubali mtumiaji atajwe kwa namba, na mtu akiandika kwamba anataka kumkaimu mtumiaji namba -1, alipata mamlaka ya root.

Tufuatilie hatua kwa hatua. Namba ya mtumiaji huhifadhiwa katika biti 32. Biti hizo hazina nafasi ya alama ya kutoa. Fikirini kipimo cha kilomita cha gari la zamani chenye tarakimu tano: kikisoma 00000 nawe ukakirudisha nyuma kilomita moja, kitasoma 99999. Vivyo hivyo, sifuri ya biti 32 ikirudishwa nyuma hatua moja, biti zote hugeuka kuwa 1, na namba inayosomeka ni 4294967295, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukitoa 1. Kwa hiyo sudo iliangalia: je, -1 ni sawa na 0? Si sawa. Je, kanuni inamkataza mtu huyo? Hapana, inamkataza root peke yake. Ikaridhika, ikakiomba kiini kibadili namba zake ziwe -1.

Sasa, katika ombi hilo la kubadili namba, wabunifu wa kiini walikwisha kuipa -1 maana ya pekee: usibadili kitu, acha namba kama ilivyo. Na sudo, kwa kuwa inabeba ile biti ya Ritchie, wakati huo ilikuwa na namba 0. Kiini kikatii, kikaacha 0. Kumbukumbu nazo zikaandika kwa uaminifu kwamba mtu fulani amemkaimu mtumiaji 4294967295, ambaye hayupo. Hapakuwa na sehemu yoyote iliyoharibika. Kila sehemu ilifanya ilivyoagizwa, ila sehemu mbili zilielewa namba moja kwa maana mbili. Kasoro ilisahihishwa katika toleo 1.8.28.

Iliyotangazwa Januari 2021 na wataalamu wa kampuni ya Qualys ilikuwa mbaya zaidi, ingawa haina mvuto wa hesabu kama hiyo. Mkwaju mmoja wa kinyumenyume mwishoni mwa maneno ya amri uliifanya sudo isome kupita mwisho wa maneno na kuandika nje ya nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu. Mtumiaji yeyote wa mashine, hata asiyetajwa katika daftari, aliweza kujifanya root. Kasoro hiyo iliingia Julai 2011, ikakaa karibu miaka kumi katika programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma.

Matukio ya namna hii yamefufua swali la zamani: je, biti ile ni wazo jema? Maabara za Bell zenyewe, zilipotunga mfumo wa Plan 9 baada ya Unix, ziliiacha, zikamwacha na mtumiaji mkuu pia. Watungaji wa OpenBSD waliibakiza, lakini Oktoba 2015 waliibadili sudo kwa programu ndogo zaidi iitwayo doas, iliyoandikwa na Ted Unangst, kwa hoja kwamba mistari michache huficha makosa machache. Katika Linux, toleo la 256 la systemd, la Juni 2024, lilileta run0, ambayo haina biti hiyo kabisa: humwomba mtumishi aliyekwisha kuwa na namba 0 aianzishe amri upya katika mazingira safi, badala ya kuirithisha mazingira ya mwombaji. Tena hupaka skrini rangi nyekundu ili mtu asisahau amevaa joho la nani. Nayo Ubuntu ya Oktoba 2025 imebakia na sudo, ila iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust, ambayo huzuia kosa la kuandika nje ya nafasi kama lile la 2011. Lugha hiyo, hata hivyo, isingeizuia ile kasoro ya -1. Kwa maoni yangu njia ya run0 ndiyo yenye mantiki zaidi, ingawa sitarajii kuiona biti ya Ritchie ikiondoka upesi.

Mahali pamoja imeondoka, napo ni simuni. Android ilichukua zile namba za watumiaji ikazigeuza matumizi: kila programu uliyoiweka simuni hupewa namba yake, kuanzia 10000, kana kwamba ni mtu tofauti. Kwa sababu hiyo mchezo wa mpira alioupakia mtoto hauwezi kufungua mafaili ya programu ya benki ya mzazi. Kwa kiini, hao ni watu wawili wasiojuana. Tangu toleo 4.3 la mwaka 2013 programu zenye biti ya kukaimu ziliondolewa katika mfumo huo.

Shule yenye mashine ya Linux na watumiaji wawili wa kawaida inaweza kuyaona haya kwa macho katika kipindi kimoja, bila kuhitaji nywila ya root. Mwanafunzi wa kwanza atumie amri ya cp kunakili programu ya /usr/bin/id, inayoonyesha namba za mtumiaji, aiweke /tmp kwa jina la kitambulisho. Kisha aandike:

chmod 4755 /tmp/kitambulisho

Ile 4 ya mwanzo ndiyo biti ya Ritchie. Amri ya ls -l itaionyesha kama herufi s mahali pa x. Sasa mwanafunzi wa pili, akiwa ameingia kwa jina lake, aendeshe /tmp/kitambulisho. Ataona uid, ambayo ni namba yake yeye, na mbele kidogo euid, ambayo ni namba ya mwenzake. Baada ya hapo faili lifutwe. Ikiwa euid haikuonekana, huenda sehemu hiyo ya diski imefunguliwa kwa sharti la nosuid, linalokiagiza kiini kisiijali biti hiyo. Diski za mkononi hufunguliwa kwa sharti hilo hilo, kwani mwanafunzi aliye root katika kompyuta ya nyumbani angeweza kuandaa huko programu ya namba 0, akaibeba mfukoni, na kuja kuianzisha katika mashine ya shule.